Kifaa Nilichomchagulia Mzee Salim

Jumatano. Kisauni imeamkia manyunyu, nami nimeamka sina hamu hata ya chai.

Nimeona haya. Sina njia nyingine ya kulisema.

Nauza vifaa vya umeme dukani. Wateja huniita Fundi, na jina hilo nalipenda kupita kiasi. Wiki iliyopita aliingia Mzee Salim, dereva wa malori aliyestaafu. Amenunua basi dogo kuukuu akaligeuza nyumba: kitanda, friji, feni, jiko. Yeye na mkewe, Bi Zuhura, wanazunguka pwani kuwatembelea watoto wao. Kwa sasa wameegesha kwenye kambi moja Bamburi, wanavuta umeme kwa kebo kutoka soketi ya nje.

Alitaka kifaa cha kulinda basi lake. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiki kinazuia umeme unaopanda ghafla tu, au kitanionyesha pia kama soketi ya kambi imefungwa vibaya?"

Sikujua. Mimi nimezoea vya friji na televisheni za majumbani. Nyuma yake walisimama wateja watatu, wote wananijua.

Nikasema, "Chukua hiki, Mzee. Kinafanya yote."

Jumatatu akarudi. Nilipomwona mlangoni nilichutama nyuma ya maboksi ya balbu, nikijifanya natafuta kitu. Mwenzangu Rehema ndiye aliyemsikiliza. Alisimulia kwamba Bi Zuhura alitoka kuoga, miguu imerowa, akasimama mchangani akashika mlango wa basi. Umeme ukamtupa chini. Ameteguka mkono wa kulia, ule anaoshonea kofia. Kumbe, kama nilivyokuja kujua jana, soketi ile haikuwa na waya wa ardhini wa kuondoa umeme unaovuja, na kifaa changu kilikuwa kimewaka taa ya kijani.

Hakuja kugomba. "Mwambie Fundi anichagulie kingine," alisema. "Yule binti anajua."

Nilibaki pale chini mpaka akaondoka.

Jana asubuhi nilimpigia mwalimu aliyenifundisha umeme chuoni, nikamwuliza nililopaswa kuuliza tangu mwanzo. Akanieleza kwamba kifaa kama changu hakikagui nyaya. Basi lile linataka kile kinachoipima soketi kwanza, kikakata umeme ukizidi, ukipungua, au waya wa ardhini ukikosekana. Nikakitafuta mjini nikakipata, nikakipeleka Bamburi mwenyewe.

Bi Zuhura alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba. Nikasema yote. Hata ya kujificha.

Kisha nikakichomeka kile kifaa kipya. Taa nyekundu. Friji ikanyamaza, feni ikasimama. Kimeikataa soketi.

Mzee Salim akaenda kumwita mwenye kambi, naye akaizima soketi na kuahidi kuleta fundi wa kuifunga upya. Mzee aliporudi alinishika bega. "Yamekwisha, mwanangu."

Bi Zuhura hakusema yamekwisha. Aliniuliza, bila kupaza sauti, "Ungesema hujui, ungepungukiwa na nini?"

Wallahi, njia nzima ya kurudi nimelitafuta jibu, na leo kutwa.

Jumamosi nitakwenda tena kumjulia hali. Kofia aliyoiacha katikati niliiona juu ya kitanda, sindano bado imo. Asipotaka kuongea nami, nitamfulia, nitampikia, nirudi zangu.