Maneno Yako Niliyoyabandua

Madame Masika,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti kifupi cha watoto, kwa sababu kiti chako amekichukua mkurugenzi wa shule. Alisema ofisini kwake wageni hawana pa kukaa. Ulikuwa hujamaliza hata juma moja chini ya ardhi. Naanza na hilo ili ujue mapema kwamba sikuandikii kukusifu. Waliokusifu walikuwa wengi siku ya mazishi, na mkurugenzi ndiye aliyesifu kwa sauti kubwa kuliko wote. "Madame Masika alipendaka batoto kama batoto yake," alisema, akajifuta macho kwa kitambaa. Ningejua atakachonifanyisha baada ya siku tisa, ningemnyang'anya kile kitambaa.

Na wewe pia nina hasira nawe. Ulishika kichwa mwezi mzima ukisema "ni baridi ya Butembo tu," na mimi, msaidizi wako wa miaka minne, nikakubali, kwa kuwa kila ulichosema nilikubali. Kumbe ilikuwa tension, damu iliyopanda. Siku sita hospitalini, basi. Uliniachia watoto thelathini na wanane wa chekechea na kabati moja la vitabu, bila kuniambia neno.

Watoto wako wazima. Wanakuita Madame Mukubwa, na mimi wakisahau wananiita Madame Mudogo. Kahindo ameng'oka jino. Mbambu, yule aliyekuja na mama yake kutoka upande wa Oicha asiseme na mtu, siku hizi anasema mpaka anachosha. Saa nne, baada ya uji, bado wanasogeza mikeka yao mbele ya kabati bila kuambiwa, wanangoja vitabu. Na ni habari ya vitabu ninayotaka kukueleza, ingawa imenichukua siku nyingi kupata uso wa kukueleza.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilisimama nikasoma Kifaransa chote cha kile kitabu cha kuku anayevaa viatu, mbio mbio, kama ninayesoma matangazo baada ya misa. Watoto wakatazama dirishani. Hukunikemea. Ulikichukua kitabu, ukakishika karibu na sikio lako, picha zikiwaelekea wao, ukanyamaza. Ulinyamaza hadi nikaona aibu kwa niaba yako. Halafu mtoto mmoja akapiga kelele, "Kuku iko na viatu!" na darasa lote likaangua kicheko, ndipo ukafungua kinywa. Baadaye uliniambia, "Kavira, acha batoto basome picha mbele. Wewe unafikaka nyuma yabo."

Vitabu vile vilifika ndani ya sanduku kutoka Ulaya, vyote kwa Kifaransa, na Kifaransa cha watoto wetu ni bonjour na merci. Hukungoja mtu aje kutafsiri. Ulikata karatasi za daftari vipande vyembamba, ukaandika Kiswahili chetu kwa kalamu ya bic ya bluu, ukavibandika juu ya maneno yaliyochapwa. Gundi yako ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo, uliotiwa pilipili ya kusaga ili panya wasitafune kurasa. Panya hawakutafuna. Watoto ndio waliolamba vidole baada ya kufunua kitabu, wakatokwa machozi, na kesho yake wakalamba tena.

Kuku wa viatu tulimpenda wote. Kile cha bibi anayepanda mti na mwavuli wake ulikisoma kwa sauti ya mama mkwe wako, na kwa kuwa mimi tu nilimjua, niliuma shavu nisicheke. Lakini kitabu cha roho zao kilikuwa kile cha dubu wanaotembea milimani. Hakuna aliyewahi kumwona dubu. Ukasema si kitu, tuwape majina kwanza watazoeleka: wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, kama wavulana wanavyofuatana katika nyumba yoyote ya kwetu. Wavulana wakajikuta humo. Wasichana wakanuna, nawe ukatazama ile picha tena, ukagundua kwamba yule mdogo anayeshika mkia wa koti la mama ni msichana. Ukampa jina lako mwenyewe.

Kwa Kifaransa, dubu wale wanakwenda likizo. Nilikusomea mimi mwenyewe sentensi hiyo, nawe ukaitikia kwa kichwa. Lakini watoto waliotoka kwenye vita upande wa Beni walitazama blanketi lililokunjwa mgongoni mwa baba, na sufuria mkononi mwa mama, wakasema mara moja, "Banakimbia." Hukuwasahihisha. Jumamosi ile ulibandika vipande vipya, na dubu wako wakakimbia kweli. Wakalala katika shule ya watu. Wakaomba chumvi kwa jirani wasiyemjua, akawapa. Na kila ulipokaribia ukurasa wa mwisho, wenye nyumba na taa mlangoni, Mbambu aliuliza, "Banafika?" Ni neno la kwanza alilosema darasani. "Banafika," ulimjibu. "Ngoja uone."

Sasa sikia nilichofanya.

Siku ya tisa mkurugenzi aliniita. Alikuwa na kitabu cha dubu mkononi, ameketi kwenye kiti chako. "Kavira, hii ni kitabu ao ni suruali ya viraka? Inspecteur anakuja lundi. Mais Kifaransa iko wapi? Na kitabu ya vacances, munafundishia batoto vita!" Kisha akapunguza sauti. Akasema anatafuta titulaire, mtu wa kukabidhiwa darasa, na kwamba mtu wa nidhamu anajulikana kwa kabati lake. Nilielewa. Nilikuwa nimeosha vikombe vya uji miaka minne, Madame. Nililitaka lile darasa. Nililitaka hata ulipokuwa hai, na hilo hukulijua, au ulilijua ukaninyamazia.

Sikubishana.

Nilichemsha maji kwenye jiko la makaa nyuma ya darasa. Unalowesha kitambaa, unakigandamiza juu ya kipande, unahesabu hadi ishirini, unavuta. Gundi ya muhogo hulegea bila shida. Ndani ya mchana mmoja nilikuwa nimemaliza kabati zima. Mvuke ulinuka pilipili yako. Nilipiga chafya, nikalia, nikajiambia ni pilipili. Vipande vilitoka vimejikunja, wino ukichuruzika kwenye vidole vyangu, nikavitupa ndani ya ndoo. Sikusoma hata kimoja. Niliogopa nikisoma nitaacha.

Inspekta alikuja Jumatatu ile ile. Alihesabu madawati, akasifu usafi wa madirisha, akanywa fanta. Kabati hakulifungua.

Nikapewa darasa. Juma lililofuata, saa nne, nikashika kitabu cha dubu karibu na sikio langu kama ulivyonifundisha, nikanyamaza kidogo, kisha nikasoma Kifaransa na kuwaeleza: dubu wanakwenda likizo, wana furaha sana. Mbambu akasimama kwenye mkeka. Hakuwa na hasira, alikuwa ananihurumia. "Hapana ile, Madame. Habaende vacances. Banakimbia." Akaanza kusema kipande cha ukurasa wa kwanza, neno kwa neno, hata kile kikohozi chako kidogo kabla ya jina la Paluku. Kahindo akadakia ukurasa wa pili kwa pengo la jino lake. Halafu wote. Mimi nilifunua kurasa tu.

Siku hiyo hiyo nilinunua daftari. Kwa siku nne walinisomea picha nami nikaandika. Kuku wa viatu tulimpata mzima. Bibi wa mwavuli tulimpata, na nilipojaribu sauti ya mama mkwe wako waliniambia siiwezi, niache. Dubu nao tukawapata, shule waliyolala, chumvi ya jirani, taa ya mlangoni. Isipokuwa ukurasa mmoja.

Ni ule mweupe. Theluji tupu, na dubu wadogo sana chini kwenye kona, hata nyuso hazionekani. Mmoja anasema hapo ulisema ni chumvi imemwagika. Mwingine anasema unga. Kahindo anaapa kwamba hapo ulikuwa unaimba. Waligombana hadi wawili wakapigana. Mimi najua kulikuwa na kipande, kwa sababu nakumbuka mkono wangu ulivyokitoa. Kilikuwa kirefu kuliko vyote, mistari miwili, umefuta neno na kuandika lingine juu yake, ukafuta tena. Kilichanika, nikamalizia kukikwangua kwa ukucha. Ulihangaika na maneno hayo kuliko yote ya kabati, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho kuyaona, na nilitazama pembeni.

Ningeyajua kwa kusikia, miaka yote minne. Lakini saa nne ni saa ya kuosha vikombe, nami kila mara ulipofika ukurasa ule nilikuwa nje penye bomba, nikirudi mmeshafika kwenye taa ya mlangoni. Naona uchungu, Madame. Nakuonea uchungu wewe uliyekufa bila kuniachia chochote kwa maandishi, na najionea uchungu mimi niliyeachiwa maandishi kabati zima nikayachemshia maji.

Jana tulifika tena pale. "Na hapa, Madame?" akauliza Mbambu. Nikamwambia sijui. Akanitazama. Alikuwepo kwenye mazishi yako, alitupa udongo kwa mkono wake, anajua vizuri ulipo. Hata hivyo akasema, "Basi ulize Madame Mukubwa."

Ndiyo sababu nimeandika. Nimetumwa. Nakuuliza: uliwaambia nini watoto hawa, dubu walipokuwa katikati ya ule weupe na nyumba haijaonekana?

Najua hutajibu. Kesho nitamwambia Mbambu hivyo hivyo, sitamdanganya. Mwezi wa tisa yeye na wenzake watakwenda shule ya msingi na watakuja wengine wasiokujua, nao nitawasomea maneno yako yote niliyoyaokota, na tukifika ukurasa ule nitawaambia kwamba hapa palikuwa na maneno ya Madame Masika, na ni mimi niliyeyatoa. Maneno yangu sitayabandika pale.

Wasingya, Madame, asante kwa mengine yote. Pumzika, ukiweza kupumzika; mimi hasira yangu bado, na nusu yake ni yangu mwenyewe. Lakini ahadi nakupa. Vipande vyote vingine nimevirudisha mahali pake, kwa mwandiko wangu mbaya. Na mkurugenzi akitaka vitoke tena, achemshe maji mwenyewe.

Kavira wako