Mkono wa Kamera Niliouza kwa Bei ya Hasara

Gatongora,
Ruiru.
14 Juni 2025

Mpendwa Tata Waceke,

Habari za Perth? Natumaini goti limepata nafuu na baridi ya huko haijakurudisha kitandani. Sisi hapa tu wazima. Dada yako Mami alikuwa na kikohozi wiki iliyopita, lakini jana nilimkuta akigombana na kuku wa jirani, kwa hivyo najua amepona.

Uliponiuliza kwa simu kuhusu ule mkono wa kamera, nilikujibu "poa tu." Haikuwa kweli. Kwenye simu ningeendelea kukwepa, ndiyo maana naandika.

Ni fremu ya alumini inayoshikilia kamera juu ya meza au juu ya watu, ili mpiga picha wa harusi asipande kiti. Wa kwanza niliutengeneza nikiwa bado chuoni Juja. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikauweka kwenye tovuti ya michango, mahali watu hulipia kitu kabla hakijatengenezwa. Mikono inayotoka nje ya nchi inauzwa shilingi elfu kumi na mbili. Mimi niliandika elfu sita, nikitaka watu washtuke. Walishtuka. Katika siku kumi na tisa watu mia moja na themanini walikuwa wamelipa.

Hesabu yangu ilitokana na ule mmoja wa chuoni, wa vyuma vya mabaki. Sikuweka kodi, sanduku, wala gharama ya kuutuma. Kailash, mwenye karakana ya Thika anayenikatia alumini, alinikalisha chini akaandika kila kitu. Jumla ilikuwa elfu saba na mia nne kwa kila mkono.

"Hii ni bei ya mtu anayeuza mmoja," akasema. "Wewe kadiri unavyouza, ndivyo unavyozama."

Kulikuwa na njia ya mkato: kiungo cha katikati kiwe cha plastiki badala ya chuma. Kwa macho hungejua tofauti. Tulitengeneza kimoja, tukafunga kamera yangu ya zamani na kuiacha ikining'inia. Siku ya tatu kiungo kikapasuka, kamera ikaanguka sakafuni.

"Wengi hawatafunga kamera nzito hivyo," Kailash akasema.

"Na yule atakayefunga?"

Kailash akainama kuokota vipande. Harusini, chini ya kamera kungekuwa na keki, au kichwa cha mtoto.

Nikawaandikia waliolipa. Niliwaambia bei niliikosea, nikawaeleza kilichovunjika. Anayetaka pesa zake arudishiwe zote. Anayetaka mkono aongeze elfu mbili, angoje hadi Agosti. Wengine walinitukana. Beth, anayepiga picha za harusi kule Kiuu, alikuja mwenyewe mpaka karakana. Alikuwa ameshawaahidi wateja wake picha za kutoka juu.

"Mimi sikununua barua," akaniambia. "Nilinunua mkono."

Nilimwonyesha kamera iliyovunjika. Aliigeuzageuza, akauliza ni kiungo kipi kilichopasuka, akakitazama. Kisha akaomba pesa zake, nikamrudishia papo hapo. Sikumlaumu.

Niliowarudishia walifika tisini na saba. Sehemu ya pesa zao nilikuwa nimenunulia alumini, kwa hivyo niliuza pikipiki. Themanini na watatu wamebaki. Kwa bei mpya sipati faida ya kutajika, lakini sizami tena, na viungo vyote ni vya chuma.

Nilipokuwa nikipitia orodha, nilikuta jina lako. Umelipia mikono minne, Tata, na huna hata kamera. Hukuniambia. Ile barua ya kuchagua sikukutumia, kwa sababu ungeongeza pesa bila kuisoma. Nimekurudishia zote, wewe ni mmoja wa wale tisini na saba; angalia benki. Usizitume tena. Nataka kujua kama kitu hiki kinanunuliwa na watu wanaokihitaji, na wewe ulikuwa ukinichanganyia hesabu. Lakini siku niliyoona jina lako niliacha kazi, nikakaa kidogo nikikushukuru.

Nisalimie binamu yangu Ngigi na mke wake, na umwambie Maggie picha zake za mahafali zimefika hapa nyumbani. Mami na mama yenu Cucu wanakuombea kila Jumapili. Mungu akulinde huko uliko na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu.

Mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye,
Gachau