Bosco Amerudi na Sura Nyingine

Mpendwa Baba Aline,

Kwa moyo mzito, na baada ya kushauriana na wateja wote wa benchi la mbele, ninakutangazia rasmi kwamba Bosco amebadilishwa uso. Pua si ile. Kidevu kimeongezwa. Joho lililokuwa la buluu sasa lina rangi ya divai, na nywele zimenyolewa kama za karani wa benki. Wakaaji wa mtaa wetu wa Bwiza wameipokea habari hii kwa utulivu mdogo sana.

Najua unacheka. Ulikuwa unacheka hivyo, mabega yakitangulia, sauti ikifuata baadaye.

Kwa wale wanaosoma barua hii juu ya bega lako, nieleze kidogo. Wewe ulikuwa msimuliaji wa filamu katika chumba chetu cha video. Filamu zilikuja zikisema Kiingereza. Wewe ulikaa nyuma na mikro yako mdomoni, ukazisemesha Kiswahili chetu. Kutafsiri ni neno dogo kwa kazi ile. Ulikuwa unawahamisha watu pamoja na vyombo vyao. Yule mtu anayeruka angani, sijui kwao anaitwa nani, wewe ulimwita Bosco. Ukampa shangazi wa kuishi Nyakabiga. Ukampa na baba, Mzee Mathias, fundi wa pikipiki. Bosco akichelewa kuokoa watu, ulituambia alikuwa Musaga anangoja basi. Mtu mwenye kuruka, anangoja basi! Na hakuna aliyeuliza swali.

Nakumbuka zile alasiri. Mabati yetu yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na kila tundu lilishusha uzi wake mwembamba wa mwanga, vumbi likipanda na kushuka ndani yake polepole, kama lina mahali pa kwenda lakini halina haraka. Mimi nilikaa mlangoni na tiketi, mgongo kwenye jua, uso gizani, nikisikiliza sauti yako jinsi mtu anavyosikiliza mvua akiwa kitandani. Siku nyingine nilifumba macho kabisa. Filamu niliziona vizuri zaidi hivyo.

Unakumbuka Mzee Mathias alivyokufa? Daraja lilivunjika, naye akaenda nalo. Ukasimamisha filamu. Ukasema kwenye mikro, kwa sauti ya mtu aliyetoka hospitali: "Jamani, Bosco amefiwa. Tumupe pole." Chumba kizima kikasimama. Fundi Hamisi, ambaye ametengeneza breki maisha yake yote na hudai anakuja kwetu kupumzisha miguu tu, aliweka kofia yake sawa akasema, "Inna lillahi." Mama Devota wa sokoni alikuja kesho yake na ndagala za kilio, wale dagaa wetu wa ziwani, zimefungwa kwenye gazeti. Mwaka ulipopita ukaona haya kuacha jambo nusu, ukaitisha kuganduka, ile siku ambayo sisi Warundi tunamaliza kilio kabisa: familia inakaa, inakunywa, vitu vya marehemu vinagawanywa, kila mtu anarudi kwenye maisha yake. Tukakaa kwenye mabenchi tukanywa soda kwa ajili ya mzee wa kwenye televisheni. Ukatangaza, "Kuanzia leo Bosco ana ruhusa ya kucheka." Na katika filamu iliyofuata alicheka. Mpaka leo sijui ulijuaje.

Kisha ukafa wewe.

Mwaka umepita, na kitu juu yake. Kaka yako mkubwa, shemeji Gervais, hunipigia simu kila akitoka misa.

"Mama Aline, tuweke tarehe ya kuganduka."

"Bado, shemeji."

"Bado nini? Familia inauliza."

"Bado tu."

Nilimwambia mvua ni nyingi. Nikamwambia Aline ana mitihani. Mitihani ilipoisha nikamwambia anangoja majibu. Ukweli ni kwamba siku hiyo koti lako litatoka msumarini liende kwa mtu, na kuanzia jioni yake hata mimi nitatakiwa kukuita marehemu. Sasa hivi, mtu akiuliza, nasema "Baba Aline hayupo," na neno hilo bado lina mlango. Mikro yako sikuruhusu iguswe. Tulionyesha nyimbo, kwa kuwa nyimbo zinajieleza zenyewe.

Hapo ndipo ikaja hii filamu. Wanafunzi wa Nyakabiga waliileta kwenye flash, wakasema habari ya Bosco imeanzishwa upya, kutoka mwanzo kabisa, kama vile ile ya kwanza haikuwahi kuwepo.

"Nani atasimulia?" wakauliza.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi."

Jumapili alasiri chumba kilijaa mpaka mlangoni. Nikakaa mahali pako. Mikro ilinuka tumbaku yako. Uso mpya ukatokea, mkubwa, unang'aa, na kabla sijapumua wakaanza.

"Huyu ni nani?"

"Bosco," nikasema.

"Apana! Bosco mi namujua!"

"Huyu ana sura ya mutu wa bima."

"Muangalie kidevu! Ataruka namna gani na kidevu kizito hivyo?"

"Mumuache," akasema Mama Devota, "pengine amenenepa. Nyinyi hamunenepi?"

Nilikuwa nafikiri hilo ndilo litakuwa balaa la siku. Kumbe. Mlango wa gereji ukafunguka, na Mzee Mathias akatoka nje. Mzima. Anafuta mikono kwa kitambaa, anamwita mwanawe aje kula.

Baba Aline, chumba kikapasuka. Mmoja alipiga ishara ya msalaba. Wengine walipiga mabenchi. Fundi Hamisi akasimama, akaipa televisheni mgongo, akaniangalia mimi.

"Mama Aline, mi nilikunywa soda kwa ajili ya huyu muzee. Sasa hii ni nini?"

"Ni habari imeanza upya, Fundi."

"Apana. Mutu tukishamaliza kilio chake, anabaki huko. Ama turudishe soda?"

"Peleka mbele!" wakapiga kelele wale wanafunzi. "Atakufa tu, kwenye daraja! Tumeona kwenye simu!"

Sikupeleka mbele. Nilikuwa nimeshika kitu kidogo cha kubonyeza, ningeweza, lakini yule mzee alikuwa anameza mchuzi wake taratibu, na mwanga wa dirisha la jikoni lake ulikuwa wa dhahabu kama ule wa kwetu ukitokea upande wa ziwa, saa ile milima ya Kongo inapogeuka kuwa moshi. Nikamwacha ale. Midomo yake ilisema maneno machache. Mimi nikampa mengi. Nikamfanya aulize kama maharage yana chumvi. Nikamfanya amwambie Bosco asitoke bila koti, na kwamba mtu anayepiga mluzi jikoni ni mtu asiye na njaa. Nikamfanya amtanie mkewe, amuite "waziri wa mlango." Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipotambua ninatumia maneno ya nani: yako, ya jikoni kwetu. Ilikuwa kama kuingia chumbani katika ndoto na kukuta umekaa pale pale, huoni ajabu yoyote, unatafuta viatu. Nikasema moyoni: pengine inawezekana. Pengine mtu huanzishwa upya, na sura nyingine, na kidevu. Ningezoea kidevu.

Lakini daraja lilikuwa linakuja. Chumba kizima kilijua. Mzee Mathias akapanda pikipiki yake, na watu wakaanza kumwambia, "Muzee, pita njia ingine! Muzee!" Hakupita njia nyingine. Daraja likaenda, naye akaenda nalo, kwa mara ya pili, na maji yakafunga juu yake.

Ilikuwa zamu yangu kusema. Neno lilikuwa moja tu, amekufa, na lile neno nilikuwa sijawahi kulitoa mdomoni mwangu, hata siku ya mazishi yako. Lilisemwa na padri, likasemwa na shemeji. Nikashika mikro kwa mikono miwili. Kwenye televisheni Bosco alikuwa amepiga magoti matopeni, mdomo wazi, bila sauti yoyote, kwa sababu sauti yake ilikuwa mimi.

"Tumupe pole," akasema mtu.

"Mi siwezi kutoa pole mara mbili kwa maiti moja," akasema Fundi Hamisi.

Mama Devota akamgeukia. "We Hamisi. Mutoto analia hapa mbele yako, unamuuliza alilia mwaka gani?"

Fundi Hamisi akaangalia nyuma nilipokaa. Halafu akaweka kofia yake sawa akasimama. Wakasimama wote, mabenchi yakilia, na hapo nikaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia televisheni. Walikuwa wamegeuka huku kwangu, nyuso zote kwenye ule mwanga wa matundu.

"Mukomere, Mama Aline," wakasema. "Jipe nguvu."

"Asanteni," nikasema, kwenye mikro, ikatoka kubwa mno.

"Haya, sema sasa," akasema Fundi Hamisi kwa upole ambao sikujua anao. "Huyu kijana haruki mupaka azike."

Basi nikasema. "Baba yake amekufa." Nikalisema polepole, kwa Kiswahili chetu, na mabati hayakuanguka. Bosco akamzika mzee wake, akavaa joho la rangi ya divai, akaruka. Aliruka vibaya, akagonga paa la soko, na watu wakapiga makofi kidogo, kama wanavyopigiwa wageni. Walipokuwa wanatoka niliwasikia bado wanabishana: wengine wanasema huyu ni Bosco mdogo, wengine wanasema ni tapeli ila ana bidii. Fundi Hamisi alisema miguu yake haijapumzika vizuri, itabidi arudi.

Mimi nilibaki ndani mpaka nyuzi za mwanga zilipolala chini kabisa kwenye sakafu, zikafifia. Koti lako nimelipiga pasi. Aline anasema limfikie binamu yake wa Musaga, mabega yao yanafanana. Nadhani ni kweli. Nitaliona linapita barabarani siku moja, nitashtuka, halafu nitasalimia.

Lala salama huko, mume wangu, na ukikutana na Mzee Mathias mwambie hatukumkosea adabu, tulimlilia mara mbili.

Shemeji nimempigia mwenyewe jana. Yeye alitaka kuganduka kuwe Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tumeweka ya pili. Ya kwanza kuna mpira.

Mke wako,
Mama Aline