Kalenda ya Mfalme Sigvard Imesimama

Härnösand, 12 Januari

Mwanangu Ylva,

Salamu kutoka huku kaskazini kwenye baridi. Hujambo huko Malmö, na wanafunzi wako je? Mimi ni mzima, isipokuwa hili goti la kushoto linalojifanya mtabiri wa hali ya hewa. Bahari imeganda mpaka nje ya bandari, na theluji naizoa kwa koleo asubuhi, jioni naikuta imerudi.

Najua hutaki kupokea simu zangu. Tangu mazishi ya mama yako tumeongea mara chache, na kila mara mmoja wetu amekata. Ndiyo maana naandika. Kwenye maandishi angalau mtu atasikilizwa mpaka mwisho.

Nina ombi. Unaujua ule mchezo wangu wa falme kwenye kompyuta, na unajua kwamba sisi watu wa jukwaa la mtandaoni hatuchezi tu. Kila mmoja anacheza utawala wake kisha anausimulia kwa maandishi, sura baada ya sura, na wenzake wanasoma na kumtania. Sasa kuna Shindano la Machipuko. Inayopigiwa kura ni hadithi iliyokamilika kabla Mei haijaisha, na kila mpiga kura lazima aandike mbele ya watu sentensi moja ya sababu. Sheria kuu ni ile ya siku zote: hakuna kurudi nyuma. Ukishindwa vita, umeshindwa. Mtoto wa mfalme akizama mtoni, amezama. Anayefungua faili la jana ili abadilishe ya leo hatumsomi tena.

Yangu ni hadithi ya Mfalme Sigvard. Nilipoianza mama yako alikuwa hai, na kwa mzaha tukampa malkia jina lake, Gunvor, na binti mfalme jina lako. Hakuna sura iliyotoka bila yeye kuipitia kwa penseli pale mezani jikoni. Sasa sina msomaji wa kwanza. Utanisomea? Nimeambatanisha sura mpya.

Baba yako

*

Malmö, 24 Januari

Baba,

Barua nimeipata. Mimi mzima, ila wanafunzi wamenigawia mafua yao. Huku hatuna theluji, ni mvua inayopeperushwa na upepo tu. Lipeleke hilo goti kwa daktari, usilisikilize kama redio.

Nitakusomea. Lakini nisikufiche, bado nina hasira. Siku ya mazishi wageni walikuwa bado wanakula keki ukumbini, ukaondoka. Nilikukuta nyumbani na suti yako nyeusi, umekaa mbele ya kompyuta, unaandika habari za Sigvard. Watu walikuwa wananiuliza baba yuko wapi.

Na sasa ofisi ya makaburi imenipigia mimi, kwa sababu wewe huwapokelei. Majivu ya Mama yapo kwao tangu Agosti, mwili ulipochomwa baada ya ibada. Sheria haitaki yakae zaidi ya mwaka bila kuzikwa. Wanataka uchague siku tu, Baba. Siku moja.

Kuhusu sura: kuzingirwa kwa ngome ni kurefu mno. Farasi umewaeleza mpaka kwato, na watu wako hawajatia kitu mdomoni tangu sura iliyopita. Unajua Mama angeuliza nini.

Ylva

*

Härnösand, 9 Februari

Mwanangu,

Mafua yamekwisha? Kunywa kitu cha moto na usifundishe huku unakohoa. Goti limepelekwa kwa daktari, kijana kama mwanafunzi wako, akaniambia nina goti la mtu wa umri wangu. Hilo nililijua kabla sijapanda basi.

Angeuliza, “Walikula nini?” Kila sura, miaka yote. Nikimletea vita vya majeshi matatu, yeye anaweka penseli chini na kuuliza walikula nini. Basi nimewapa askari supu ya njegere, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na ndiyo desturi yetu, na chapati za maji baadaye. Watu wamefurahi sana. Jenerali Kabichi, yule Mholanzi wa jukwaani ambaye hajawahi kumsifu mtu, ameandika kwamba kwa mara ya kwanza jeshi langu limempa njaa.

Lakini habari za ufalme si nzuri. Tauni imepanda kutoka kusini na meli za ngano, na imeingia ikulu. Malkia amelala, anakohoa. Utayaona kwenye sura hii.

Kuhusu lile jambo jingine, ardhi imeganda bado. Tutaona.

Baba yako

*

Malmö, 26 Machi

Baba,

Natumaini u mzima. Mimi nimepona. Hapa miti imeanza kutoa machipukizi, na nyumba ya jirani wameshatoa viti vya bustani, kwa matumaini tu.

Nimezisoma sura zote ulizotuma mwezi huu. Ni nzuri kuliko chochote ulichowahi kuandika, nalisema kwa moyo wote. Mfalme anamsomea malkia orodha ya ng’ombe ili apate usingizi. Anabishana na mpishi kuhusu chumvi. Ile ya yeye kumsuka nywele vibaya na malkia kukaa kimya asimwaibishe, niliisoma ndani ya treni na nikapitiliza kituo changu.

Ila kuna jambo. Theluji dirishani mwa malkia ni ile ile. Mshumaa ni ule ule. Sura baada ya sura, na haijapita hata wiki moja. Jenerali Kabichi ameuliza jukwaani kama kalenda ya ikulu imeganda, na watu wamecheka. Mimi sikucheka. Baba, umeusimamisha mchezo?

Ylva

*

Härnösand, 6 Aprili

Ylva,

Salamu. Mimi mzima.

Ndiyo, nimeusimamisha. Umesimama tangu siku ile tauni ilipoingia. Picha yake ipo pembeni ya kioo na alama ya ugonjwa juu ya jina, na kalenda haiendi mpaka mimi nibonyeze. Asubuhi nawasha kompyuta, namkuta yupo. Naandika kile ambacho wangeweza kusema siku hiyo. Kisha nazima.

Mtu mmoja ameniandikia pembeni kwamba nifungue faili la Desemba, nifunge bandari kabla meli hazijaingia, hakuna atakayejua. Nimemkatalia. Ningejua mimi, na mama yako asingeipitia kwa penseli sura ya namna hiyo.

Kule hospitalini hakuna aliyeniuliza chochote. Nilishuka kununua kahawa. Nikapanda na vikombe viwili, muuguzi akanipokea mlangoni, nami sikujua cha kufanya na kile cha pili. Safari hii nimeulizwa. Kidole ni changu, na sitaki. Shindano lipite, wacha lipite.

Baba yako

*

Malmö, 14 Aprili

Baba yangu,

Pole. Ile habari ya vikombe sikuwahi kuijua. Nimeisoma nikiwa chumba cha walimu, ikabidi niende nje.

Sasa nisikilize, na usikasirike. Mama hayuko ndani ya kompyuta. Yuko kwenye rafu ya ofisi ya makaburi, na anasubiri kama yule malkia anavyosubiri, kwa sababu mtu mmoja hataki kuchagua siku. Unasema ardhi imeganda. Imeshayeyuka mpaka huko kwenu, nimeangalia.

Na mimi pia nipo, Baba. Mama yangu amekufa, nami nimekuwa nikigonga mlango wako tangu Julai. Unanifungulia dirisha dogo, unanipitishia sura, unafunga tena.

Bonyeza. Ukihitaji mtu wa kukaa nawe kwenye simu wakati unabonyeza, nitapokea.

Ylva

*

Malmö, 21 Mei

Baba,

Ni muda sasa. Simu inaita tu. Nimempigia Solveig jirani yako, akasema upo, unapasua kuni kana kwamba Oktoba imefika, unamwamkia na kuingia ndani. Nimeshukuru kwa hizo kuni.

Jukwaani hakuna sura mpya. Wanauliza kama umeugua. Shindano linafungwa wiki ijayo, lakini si hilo ninalotaka kujua. Kama niliandika kwa ukali, nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja.

Ylva

*

Härnösand, 5 Juni

Mwanangu Ylva,

Salamu nyingi sana. Samahani kwa ukimya huu mrefu. Mwili ni mzima, mgongo unauma kwa zile kuni, na sina pa kuziweka tena.

Nilibonyeza. Sikukupigia, nilitaka niwe peke yangu, na ilikuwa kosa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa shati safi, Ylva, ucheke ukitaka. Kalenda ikaanza kwenda, siku moja, nyingine, nami macho kwenye picha yake. Tangazo likatokea katikati ya kioo. Nililisoma na sikulielewa. Aliyekufa alikuwa mfalme. Alianguka farasini akitoka kukagua ghala, na wiki ile ile malkia akapona.

Miezi yote ile sikuwahi kufikiri kwamba ningekuwa mimi.

Sasa unajua mchezo unavyokwenda. Mfalme akifa, mchezaji anakuwa mrithi wake. Nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha binti, yaani kwako. Nina taji nisilolizoea, baba yangu yuko kaburini, na mama yangu amejifungia chumbani. Juu ya jina lake pana alama ya huzuni. Hahudhurii baraza. Nilimwalika mezani, akakataa. Nikaandaa karamu, nikamwalika, akakataa. Nilimpelekea zawadi, akaipokea, na hakuja. Niliendelea hivyo siku kadhaa, kila nikiwasha kompyuta namwalika, nami nakataliwa.

Nikamkasirikia. Nikasema kwa sauti, hapa jikoni, peke yangu, “Mama wee, mtoto wako anakuita mezani, huyo naye amefiwa.” Halafu nikaisikia sauti yangu, na maneno yalikuwa ya barua yako. Nililia, na sikuwa nimelia tangu hospitali.

Nikatoka nje kupasua kuni. Ndivyo ilivyokuwa ile Mei.

Nimeipigia ofisi ya makaburi. Mama mmoja mpole akaniuliza siku gani, nikasema Jumamosi ya tarehe 28, baada ya sikukuu ya Midsommar ya katikati ya kiangazi, kama utaweza kuja. Nimesema tutakuwa wawili, na Solveig akitaka. Nimesema pia kwamba mimi ndiye nitakayemshusha. Baada ya hapo tutakunywa kahawa, na safari hii sitaondoka.

Shindano limenipita. Sura mbili za mwisho nimeziweka jukwaani jana, ya kifo cha mfalme na ya mjane. Muda ulikuwa umeshafungwa na hadithi yangu haiwezi kuhesabiwa. Jenerali Kabichi akapiga kura hata hivyo. Sababu yake, kwa sentensi moja kama sheria inavyotaka: “Kwa sababu nilimpigia simu kaka yangu.” Wengine wakafuata, kila mmoja na sentensi yake. Kura zote zimetupwa, na mwandalizi ameomba radhi kwa kuzitupa. Nami sikuhitaji zihesabiwe.

Malkia naye, siku moja, bila sababu ambayo mchezo unaweza kuieleza, alikubali kuja mezani. Nikauhifadhi mchezo hapo hapo. Kwetu jukwaani mwandishi akichoka anamkabidhi mwingine faili lake, na huyo anaendelea pale alipoachia, bila kurudi nyuma. Faili limeambatanishwa. Kiti ni chako, mimi nilikikalia tu.

Nisamehe, mwanangu. Nilifikiri huzuni ilikuwa ya mfalme peke yake.

Baba yako

*

Malmö, 17 Agosti

Baba mpendwa,

Hujambo, na goti? Mimi mzima, shule zinafunguliwa kesho kutwa na sijatayarisha hata ubao.

Bado naona mikono yako siku ile, ulivyomshusha polepole kwa ile kamba, ukamkatalia yule mtu wa makaburi asikusaidie. Na ulivyokaa ukumbini mpaka chupa ya mwisho ya kahawa ikaisha, huku Solveig anasinzia. Nilikuwa nimesubiri jambo hilo tu.

Nimefungua faili. Nimecheza mwaka mmoja, vibaya, na nimepoteza kisiwa. Sikurudi nyuma. Nimeandika sura, ya kwanza maishani mwangu, na sijamwonyesha mtu. Unaweza kuipitia kabla sijaiweka? Tumia penseli ya Mama, ipo kwenye droo ya vijiko.

Mwanao

*

Härnösand, 20 Agosti

Mwanangu,

Goti liko salama, na mwenye goti pia. Viazi vipya vimekuwa vingi, nimemgawia Solveig.

Sura nimeisoma mara mbili mezani jikoni. Kile kisiwa ningekipoteza hata mimi. Koma zako ni nyingi, nimezipunguza. Mama mjane anapofungua dirisha mwenyewe, usiguse hata neno.

Ila malkia kijana na mama yake wanakaa mezani ukurasa mzima, wanazungumza vizuri, na sahani ziko tupu. Walikula nini?

Baba