Kikombe cha Marehemu

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Paka kazaa darini, na mlango bado unalia kama uliowekwa kwa kazi hiyo.

Uliuliza habari za mzimu. Tangu tumzike mume wangu, kila asubuhi mkono wangu ulimmiminia chai kwa mazoea, vijiko vitatu vya sukari. Nikitoka kidogo na kurudi, kikombe kitupu. Majirani wakasema ni jini. Mimi moyoni nilifurahi.

Juzi nikatia chumvi badala ya sukari, nijue kama ni yeye. Marehemu ulimjua, angemeza kimya na kushukuru. Nikajibanza nyuma ya pazia.

"Ptuu! Unataka kuniua?"

Mama mkwe! Yule aliyekatazwa sukari na daktari.

"Mama, kumbe ni wewe?"

"Nilikunywa usije ukakikuta kimejaa, ukalia, mwanangu."

"Na sukari yote ile?"

"Ah, hiyo nilijionea huruma mwenyewe."

Tukacheka mpaka tukalia, kwa mara ya kwanza pamoja.

Ulisema nirudi nyumbani kwa kuwa hapa sina mtu tena. Sitakuja, dada. Mtu ninaye, na nikimwacha peke yake na kopo la sukari, tutazika tena.

Mdogo wako, anayelala na kopo chini ya mto.