Yaya, Nimerudisha Taa za Gari Lako

Yaya Omari, kaka yangu mkubwa,

Gari lako linatembea. Ningependa habari iishie hapo, lakini haiishii hapo, na ninakuandikia kichwa kikiwa chini.

Tangu tukuzike lilikaa uani, hapa Alunguli, kuku wakilala juu ya turubai lake. Wiki hii mke wako akaniambia, "Shemeji, gari si kaburi. Litengeneze." Nikaanza na tablo, ule ubao wa vipimo mbele ya usukani. Unaijua: giza tupu, na ule mshale wa mwendo ukitetemeka kama mkono wa mlevi. Wewe ulikuwa ukicheka tu, "Acha icheze. Mwendo nausikia kwa masikio."

Nikafungua skrubu, nikaivuta tablo polepole, nikafungua kwa nyuma waya wa mwendo, ule unaousukuma mshale. Nilitegemea kukuta taa zilizoungua. Hapakuwa na taa hata moja. Ndipo nikakumbuka. Uliziondoa mwenyewe wakati wa vita, ulipokuwa ukienda barabara ya Kampene kuwatoa watu, ili mwanga wake usiwaonyeshe wenye bunduki nyuso zenu. Wewe ulienda, mimi nikabaki na mama. Mtu alipaswa kubaki naye, wewe mwenyewe ulisema hivyo.

Nikaweka taa mpya. Waya wa mwendo ulikuwa mkavu, tena umekunjwa vibaya nyuma ya tablo. Nikauchomoa katika mrija wake, nikaufuta kwa petroli, nikaupaka grisi kidogo, nikaurudisha bila kuukunja. Magharibi ikiingia nikatoka kulijaribu. Mshale ukapanda taratibu, ukatulia. Tablo yote inawaka. Yaya, niliimba!

Karibu na soko nikapunguza mwendo, na mama mmoja mzee akainama dirishani. Zile taa zilikuwa zinanimulika usoni, na unajua tunavyofanana.

"Omari! Mwanangu! Tangu vita nakutafuta. Ulinitoa kule na mutoto wangu, homa ilikuwa inamumaliza. Ule mutoto ndio mama sasa, iko na watoto wake. Mungu akuongezee siku."

Akuongezee siku. Wewe.

Na mimi nikasema, "Amina, mama."

Nikamwachia mkono wangu aushike kwa mikono yake miwili. Nikaondoka nimefurahi, furaha ya kweli, kana kwamba ni mimi niliyepita njia ile. Sijui kwa nini sikusema. Kusema kulikuwa rahisi. Ile furaha ilikwisha kabla sijafika nyumbani, na sahani ya chakula nikairudisha imejaa. Mke wako akauliza kama gari lina ubaya. Nikamjibu gari ni zima.

Asubuhi nikaenda sokoni kwa miguu kumtafuta yule mama mzee. Jina lake ni Mama Zubeda, anauza mihogo. Nikachuchumaa mbele ya mihogo yake nikamwambia, "Mama, mimi si Omari. Omari amekufa. Mimi ni mudogo wake."

Akaniangalia sana. Angenitukana ningepumua. Akauliza tu, "Sasa ile dua ya jana, niliombea nani?"

Nikaokota muhogo ulioanguka, Yaya, nikaurudisha kwenye fungu lake.

Akafunika mihogo kwa kitenge chake cha pili. "Nipeleke kwake."

Nikalileta gari, nikampeleka makaburini. Alikaa chini pale ulipo, akakushukuru toka mwanzo: barabara, mtoto kifuani, wewe ukimwambia asilie. Nilisimama mbali, karibu na gari. Niliona haya hata kusikia, maana kila neno lilikuwa lako, na jioni ile nililipokea kama langu.

Kurudi alikaa kiti cha nyuma mpaka kwake. Aliposhuka akashika mlango akasema, "Asante, mudogo wa Omari." Nikashindwa kumtazama.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Nakuahidi hivi: atakayeinama dirishani akiita jina lako, nitazima gari, nitamwambia kwamba umekufa na kwamba mimi ni Saidi niliyebaki nyumbani. Akitaka kukushukuru, nitamleta mwenyewe hadi ulipolala.

Pumzika, Yaya. Mama Zubeda amesema atarudi na binti yake.

Mdogo wako,
Saidi