Dada Wawili wa Filamu Moja

Jumamosi. Machame, ukungu tangu asubuhi, na mimi sihisi kitu.

Mchana nimemaliza ile filamu ya upelelezi ya Kikorea. Ni hadithi ileile ya Kihindi niliyoipenda nikiwa kidato cha pili, wameiigiza upya. Kaka anaua, anakamatwa mtu mwingine, na dada ameona kila kitu.

Ya Kihindi niliangalia iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili, na mtafsiri alilia kuliko waigizaji. Dada anasimama mahakamani, anamtaja kaka yake. "Jamani, damu yake mwenyewe!" mtafsiri akapiga kelele. Nililia hadi kamasi.

Ya Kikorea haina wimbo hata mmoja. Polisi wanamuuliza dada, anasema hakuona kitu. Anarudi nyumbani, anakula tambi.

Basi.

Nikasema wameiharibu. Kisha nikaenda kumkatia ng'ombe majani, nikajua kwa nini imeniudhi.

Kazi hiyo ilikuwa ya Baba Neema, kibarua wetu. Mama alimfukuza wiki iliyopita, kahawa yetu ilipoibiwa kichanjani ikiwa bado inakauka. Lakini mimi nilimwona kaka yangu Gody (majina nimebadilisha) akiondoka na gunia.

Gody alijua nimemwona, akaniletea isale. Kwetu ukiombwa msamaha kwa jani hilo, hukatai. Nikalipokea.

"Yameisha, mdogo wangu," akasema. "Sasa toa hiyo sura ya msiba."

Nikaamini yameisha. Lakini aliyeitwa mwizi si mimi. Jani lilipelekwa mlango usio wake, na mimi nikalipokea.

Jioni hii nimemkuta mama anamenya ndizi. Sikulia. Nimesema kama ninayeita majina ya darasa.

"Mama, ni Gody. Nilimwona."

Akaweka kisu chini. "Na ukaniacha nimfukuze baba wa watu?"

"Ndiyo, mama."

Hakunipiga. Amenawa mikono, amejifunga kanga, amemwita Gody. "Wote wawili, mbele yangu. Tunakwenda kwake."

Tumesimama uani kwa Baba Neema. Nimemwamkia, shikamoo, akaitikia. Gody amesema yake, nami nimesema yangu: niliona, nikanyamaza. Baba Neema amesikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mama, "Asante kwa kuja." Hajasema kama atarudi kazini.

Binti yake, Neema, ambaye nimesoma naye, alikuwa mlangoni. Hakunisalimia.

Bado sihisi kitu. Kesho kanisani tunaimba kwaya moja, sauti moja, benchi moja. Nitamwambia nini?